Kipima Maziwa Ndani ya Maji ya Bahari

Kamba wa kwanza alikufa Alhamisi mchana. Nilikuwa nimeachiwa ishirini na wawili.

Nasema kamba koche, wale wa baharini wenye miiba mgongoni na ndevu ndefu kuliko mkono wa mtu mzima. Hoteli za mjini ziliwataka wakiwa hai. Aliyekufa hakuwa na kazi hata kama alikata roho mlangoni. Hawa walitoka pwani kwa lori, wamefunikwa magunia yaliyolowa, na pamoja nao yakaja mapipa ya maji ya bahari. Mzee mwenye ploti alikuwa amewajengea tangi la saruji nyuma ya zizi, akaezeka mabati juu yake, akaweka pampu ndogo ya umeme ya kutoa mapovu ya hewa. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Gari la hoteli lingekuja Jumamosi saa sita.

Mzee alikuwa mwenyeji wa Kawangware. Shamba lilikuwa la baba yake, na sasa lilikuwa na safu mbili za vyumba vya kupangisha, ng'ombe watatu wa maziwa, na lango la chuma ambapo watu walijipanga asubuhi na chupa zao. Mke wake, ambaye wapangaji wote walimwita Mama, alikuwa na kitalu cha sukuma wiki kando ya tangi.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nilikuwa nimesukuma mkokoteni, nimepaka rangi mabango ya maduka, nimemshikia taa mpiga picha wa harusi, nimefuatana na wachimba visima mpaka Kajiado. Hakuna kazi iliyonishika miezi minne. Hii ya kamba niliitaka. Kila asubuhi nilitoka mtaa wa Raila, kule Kibera, nikatembea hadi Kawangware kwa hatua za mtu anayechelewa, na sikuwa nimechelewa. Nilitaka tu kuona wamelalaje, nani amehama pembe, nani amevua gamba.

Kazi yenyewe niliipata kwa mdomo wa dada yangu. Yeye alikaanga samaki wa ziwa, na siku tatu kwa wiki aliweka jiko lake kwenye baraza ya lango la mzee, kwa ruhusa ya mzee tu, bila karatasi.

"Nimekuombea mara moja," aliniambia. "Ukiharibu, litakalotoka hapo ni jiko langu. Wewe utazurura upate kwingine. Mimi na watoto watatu nitazurura wapi?"

Sasa niseme habari ya kile kioo.

Ndani ya chumba cha maziwa kulikuwa na kipima maziwa kikining'inia kwenye msumari: kichupa cha kioo chenye tumbo zito na shingo nyembamba yenye namba. Ukikitia ndani ya maziwa kinaelea kimesimama. Maziwa yakiwa mazito kama yalivyotoka kwa ng'ombe, shingo inabaki juu na unasoma ishirini na nane au thelathini. Yakiwa yametiwa maji, kichupa kinazama na namba inashuka. Mkamuaji aliyekuwapo kabla sijaja alikamatwa hivyo. Mzee hakumpiga wala hakumtukana. Alimpeleka langoni mbele ya watu wenye chupa zao, akamshikisha kile kioo na kikombe cha maziwa, akamwambia, "Soma." Yule mtu akasoma kwa sauti ya chini. "Soma kwa sauti." Akasoma. Kisha akaondoka akiwa bado na gamubuti za mzee miguuni, na hakuna aliyemwambia azivue.

Siku kamba walipofika, mzee alikileta kioo hicho kwenye tangi. Akakitia ndani ya maji ya bahari, nacho kikasimama kwenye ishirini na tano.

"Bahari imekaribia maziwa," akasema, akacheka peke yake. Halafu akachora mstari mwekundu ukutani pale maji yalipofikia. "Hapa juu jua ni kali. Maji yatapungua. Lakini jua linachukua maji, chumvi haliichukui. Yakipungua, ongeza ya mfereji yaliyolala pipani usiku mmoja, mpaka kwenye mstari. Usitie chumvi. Na hiki kioo usikichezee."

Jumatatu akaenda mazishini, kwao mke wake, arudi Jumamosi; Mama akabaki kwa sababu ya ng'ombe.

Jumanne maji yalikuwa chini ya mstari kwa vidole viwili. Nikaongeza. Jumatano vidole vitatu. Nikaongeza. Siku hiyo Mama aliniita akiwa ameinama kwenye kitalu chake.

"Wewe kijana, hii sukuma yangu imefanya nini?"

Majani yalikuwa yamelala kama vitambaa, kingo zimegeuka kahawia.

"Ni jua, Mama."

"Jua la wapi? Ile ya upande wa pili si iko sawa? Imwagie maji."

Nikaimwagia. Jioni ilikuwa imelala zaidi. Sikufikiria. Nilikuwa na shughuli ya kujaza tangi mpaka kwenye mstari mwekundu, na nilijisifu kwamba sijakosea hata unywele.

Alhamisi mmoja akafa. Nilimtoa, nikamgeuza. Kamba mzima ukimshika hupiga mkia kwa nguvu mpaka maji yanakuingia machoni. Wenzake wawili niliowagusa walikunja mkia polepole, kama mtu anayekunja blanketi. Kitu kingine: ile ngozi laini chini ya mkia, kati ya pingili na pingili, ambayo huwa imeingia ndani kidogo, ilikuwa imevimba na kung'aa. Viungo vya miguu pia. Walikuwa kama wamejazwa.

Ijumaa asubuhi nikakuta wengine wawili wamefia kwenye pembe, na maji yamepungua vidole vinne. Nilishika ndoo ya maji ya mfereji, nikainua, na mkono ukakataa kumwaga. Vidole vinne kwa usiku mmoja, na usiku ule ulikuwa wa baridi. Jua gani linakunywa maji usiku?

Nikaweka ndoo chini. Nikaenda kwenye sukuma, nikapiga magoti, nikazamisha vidole udongoni. Ulikuwa tope. Mmea umesimama ndani ya tope na unakufa kwa kiu. Nikaonja kile kidole.

Chumvi.

Nakumbuka nilikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyofaa. Kidato cha pili, mwezi wa mwisho kabla sijaacha shule, mwalimu wa baiolojia alituletea vipande vya kiazi na vikombe viwili. Kipande kilicholala ndani ya maji matupu kilikuwa kigumu, kimejaa. Kilicholala ndani ya maji ya chumvi kikalegea kama ulimi. Akasema maji hupenya kwenye ngozi nyembamba za viumbe, na daima huenda upande ulio na chumvi nyingi zaidi, yakijaribu kusawazisha. Akaandika ubaoni: osmosisi. Nililipenda neno lile, nikaondoka nalo, na siku zote hizo sikuwahi kulipatia kazi.

Sasa lilikuwa na kazi. Tangi lilikuwa na ufa. Maji yaliyokuwa yakipungua hayakwenda juani, yalikwenda ardhini, na yalikwenda na chumvi yake. Kila ndoo niliyoongeza iliwapunguzia bahari. Kamba wa bahari hana silaha dhidi ya jambo hilo. Damu yake ina chumvi sawasawa na maji ya kwao, kwa hiyo huko kwao hakuna kinachoingia kwa fujo wala kinachotoka. Samaki wa ziwa letu amezaliwa vitani. Maji matamu yanamwingia kutwa kucha, naye anayakojoa kutwa kucha. Kamba koche hakujengwa hivyo. Ukimwekea maji mepesi, maji yanampenya kwenye matamvua, naye hajui kuyatoa haraka. Anavimba, chumvi ya mwili wake inapwaya, misuli inasahau kazi. Nilikuwa nikiwazamisha viumbe wa baharini, ndani ya maji, kwa ndoo, kila siku, mpaka kwenye mstari.

Nikaenda kwa Mama kuomba ufunguo wa chumba cha maziwa.

"Unataka kioo? Mzee si alisema usikiguse?"

"Nataka kujua hali yao, Mama."

"Wangapi wamekufa?"

"Watatu."

"Haiya!" Akanitazama, kisha akafungua fundo la leso yake na kutoa ufunguo. "Ukikivunja, sikukupa mimi."

Nikakitia tangini. Kikazama, kikazama, kikasimama kwenye kumi na sita.

Nikamwona mzee akilini, kesho yake, akishuka kwenye gari, akienda moja kwa moja kwenye tangi, maana alikuwa mtu wa kupima kabla ya kusalimu. Kumi na sita. Kwa hesabu yake kioo kilikuwa na tafsiri moja tu: mtu ametia maji. Na kweli nilikuwa nimeyatia. Nilimwona dada yangu langoni na jiko lake mikononi.

Chumvi ya jikoni kwa Mama haikujaza kikombe. Chumvi ya ng'ombe ilikuwa matofali mekundu yenye madini mengine nisiyoyajua. Lakini nilijua pa kupata chumvi ya bahari. Dada yangu alikuwa nayo gunia nusu, ile ya mawe inayotoka pwani, ya kutilia samaki asioweza kuwauza siku hiyo. Na Ijumaa haikuwa siku yake ya Kawangware.

Nilitembea kwa kukimbia. Nikashukia Riruta, nikavuka barabara ya Ngong, nikapita Olympic, nikateremka vijia vyote hadi Silanga, kule bwawani alikopanga. Alikuwa nje, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapaa sangara.

"Kuna nini? Umefukuzwa?"

"Bado."

"Bado!" Akaweka kisu chini. "Yawa! Mtu anajibu 'bado' kama ni gari anangojea."

Nikamweleza: ufa, maji, kumi na sita, mzee kesho. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na hukuona ardhi imelowa?"

"Niliona sukuma imekauka."

"Sasa hiyo ni akili gani, omera, ndugu yangu, kuona kukavu na kukosa kuona kulikolowa?" Akajifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na gunia. Juu yake akaweka kisu butu na sketi kuukuu. "Shika huku. Twende."

"Sketi ya nini?"

"Baba alikuwa na mtumbwi ama alikuwa na nini?"

Tulibeba lile gunia kwa zamu. Tulipofika ilikuwa saa nne na nusu. Dada hakutazama kamba hata kidogo, alitazama saruji. Akamwomba Mama maziwa kidogo kwenye kikombe na mrija wa kalamu. Akaingiza mkono majini mpaka begani, huku miiba ikimkwaruza, akawa anadondosha tone la maziwa karibu na sakafu, hapa, halafu pale. Tone lilitawanyika kama moshi na kukaa. Kwenye pembe ya upande wa sukuma halikukaa. Lilinyooka kama uzi na kuvutwa ndani ya ukuta.

"Mwone huyo mwizi," akasema.

Akachana sketi vipande vyembamba, akavisokota, akavishindilia kwenye ufa kwa kisu butu, kama vile baba yetu alivyoziba mitumbwi, akigonga kidogo kidogo kwa jiwe. Ilichukua saa nzima. Mimi nilichora alama ya penseli ukutani. Tulingoja. Maji hayakusogea.

Hapo dada akafungua gunia. "Mwaga."

"Hapana. Si yote."

"Wanakufa na wewe unapima?"

Kweli walikuwa wanakufa. Mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu ikichezacheza bila kushika kitu. Mikono yangu ilitaka kumwaga lile gunia lote na kumalizana nalo. Lakini nilikuwa nimeona vile vikombe viwili.

"Wewe ukitia samaki chumvi, chini ya karai unakuta nini asubuhi?" nikamwuliza.

"Maji."

"Yametoka wapi?"

Akalegeza mkono kwenye gunia.

"Wamejaa maji mepesi. Nikiwamwagia chumvi kwa mpigo, yatatoka kwa mpigo. Watakuwa ng'onda wakiwa hai. Ni lazima waongezewe taratibu, mwili ufuate."

"Basi tia yai," akasema. "Ndiyo dawa yangu. Yai likielea, chumvi imetosha."

"Hiyo ya kuhifadhi samaki imepita bahari mara tatu. Humo kamba hafiki jioni."

"Haya, daktari wa kamba," akasema. "Pima."

Tuliyeyusha gorogoro moja ya chumvi, yaani lile bati la kupimia mahindi, ndani ya ndoo, tukaimimina kwenye mapovu ya pampu polepole kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Kioo kikapanda, kumi na saba na ushei. Tukangoja kwa muda wa karibu saa mbili. Ndoo nyingine. Wapangaji waliokuwa nyumbani walisimama kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti, "Niaje, mnapika supu bila moto?" Dada akamjibu kwamba supu ikiiva atatiwa yeye.

Saa tisa yule aliyelala ubavu akafa. Nilimtoa, nikamweka kando. Nilianza kufikiri kwamba labda nimekosea, kwamba mwendo wangu wa taratibu ni woga uliovaa miwani. Dada naye alikuwa akitazama gunia, kisha mimi, kisha gunia. Kioo: ishirini. Jua lilipokaribia kuzama: ishirini na mbili. Niliinua kamba mmoja. Akakunja mkia polepole, akanyoosha, akakunja. Nikamrudisha. Ndoo ya mwisho tuliimimina gizani, Mama akatumulika kwa taa, tukamwacha kila mmoja na hali yake.

Mzee alifika Jumamosi kabla ya saa tano. Hakusalimu. Alipita jiko la dada yangu, ambalo halikuwa limewashwa, akaingia nyuma ya zizi, akatazama tangi.

"Wako wapi wengine?"

"Wanne wamekufa, mzee."

Akanyoosha mkono, Mama akampa kioo. Akanishikisha mimi.

"Soma."

Wapangaji walikuwa pale. Dereva wa hoteli alikuwa amewahi, ameegemea ukuta akila mahindi ya kuchoma. Nikakitia kioo majini. Kilicheza, kikatulia.

"Ishirini na nne."

"Kwa sauti."

"Ishirini na nne!"

Uso wake ukalegea. Akageukia dereva. "Unaona? Maji yangu ni mazima. Ni wale watu wa pwani. Wameniletea wagonjwa. Sitachukua kwao tena hata mkia."

Nilikuwa nimeokoka. Sentensi moja ilikuwa imenifungulia lango, na nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo. Nilimtazama dada yangu. Alikuwa akitazama mkono wake mwenyewe, ule uliokwaruzwa na miiba mpaka begani. Hakunionyesha ishara yoyote.

"Mzee," nikasema, "jana asubuhi ilikuwa kumi na sita."

Dereva aliacha kutafuna.

"Umetia maji."

"Nilitia. Kila siku, mpaka kwenye mstari. Tangi lina ufa. Chumvi ilikuwa ikitoka na mimi ninajaza."

"Ufa uko wapi? Mimi sioni ufa."

"Umezibwa. Tazama sukuma."

Alitembea hadi kwenye kitalu, taratibu, na suti yake ya mazishini. Akainama, akang'oa mche mmoja uliokauka. Mizizi ilitoka na tope. Alilitazama tope lile, akatazama majani, kisha akafanya nililofanya mimi: akatia udongo kidogo kwenye ulimi. Akatema. Akakaa ameinama, na mche mkononi, mpaka Mama akamwita kwa jina lake la nyumbani.

"Ni nani alikwambia uongeze bila kupima?" akaniuliza, bado amenipa mgongo.

Nikautazama mstari wake mwekundu ukutani. Wote tulijua.

Dereva akasema saa zinakwenda. Akavaa glavu, akaanza kuwatoa mmoja mmoja, akiwainua juu ya maji na kungoja. Wa kwanza alining'inia, nami pumzi yangu ikaning'inia naye, kisha akapiga mkia kwa kishindo, maji yakaruka mpaka kwenye shati la mzee. Wa pili akapiga. Watatu hawakupiga vya kutosha, akawaacha. Kumi na watano wakaingia kwenye masanduku.

Gari lilipotoka, mzee alichukua kioo mkononi mwangu. Nilidhani anakirudisha chumba cha maziwa. Alitafuta jiwe na msumari, akaupigilia kwenye mbao juu ya tangi, akakining'iniza hapo. Halafu akalowesha kitambaa na kuufuta ule mstari mwekundu. Haukufutika wote.

"Hao watatu," akasema, "utakaa nao leo. Tuone kama watarudi."

Nikasema nitakaa. Kutoka upande wa lango nilisikia kiberiti, halafu mafuta yakianza kulia kwenye karai la dada yangu.